Kijana tusimsubiri mahakamani

Kila kijana wa mtaani anapokamatwa na kisu, au anapopigwa risasi, tunaanza kuulizana wazazi walikuwa wapi na polisi walikuwa wapi. Mimi naona swali lianzie mbali kidogo: alipokuwa na miaka 12, akitoka shule saa kumi jioni, kuna mtu mzima yeyote aliyekuwa akimngoja mahali?

Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, wapo waliolishughulikia hilo tangu 1987. Mwaka huo Bob Munro kutoka Kanada alianzisha chama cha michezo cha vijana, Mathare Youth Sports Association, maarufu kama MYSA. Mpira wa karatasi za nailoni na kamba watoto walikuwa nao tayari. Walichokosa ni ratiba, refa, na mtu wa kugundua kwamba leo fulani hakuja. Chama hicho kikaunganisha ligi na usafi: timu ikizoa taka na kuzibua mitaro, inaongezewa pointi kwenye msimamo, juu ya zile za uwanjani.

Kwangu mimi, hapo ndipo kwenye uzito wote. Mtoto aliyezoea kufukuzwa milangoni kama mwizi sasa anaonekana asubuhi ameshika koleo na wenzake, na mama wa kibandani anamwita kwa jina. Genge nalo humvuta kijana hivyohivyo, kwa kumfanya ajione ana watu na ana kazi. Semina ya siku moja kuhusu dawa za kulevya, pamoja na chai na mandazi yake, haiwezi kushindana na hilo. Wala jezi za mgombea, zinazokuja na kampeni na kuondoka nazo.

Wengi hutaja Mathare United, klabu iliyotokana na chama hicho mwaka 1994 na kutwaa ubingwa wa Kenya 2008. Ushindi ule ulinifurahisha sana. Ila nawathamini zaidi wale ambao hawakuwahi kuingia timu kubwa, wakabaki mtaani wakipuliza kipenga na kufundisha wadogo zao.

Watu hao mara nyingi hufanya kazi kwa nauli tu, na mradi wa mfadhili ukiisha, nauli nayo inaisha. Katiba ya Kenya ya 2010 imezikabidhi kaunti michezo na viwanja vyake. Basi kaunti ziwaajiri makocha wa mitaani kwa mikataba ya miaka, na kila kiwanja kipate hati kabla wanyakuzi wa ardhi hawajakizungushia mabati.