Kupunguza ugali au kuongeza kitoweo? Mjadala wa kipimo cha chakula Tanzania

Ushauri wa lishe unaosikika zaidi Tanzania kwa miaka ya karibuni ni wa kupunguza: punguza wanga, acha vinywaji vyenye sukari, kula kidogo, upe mwili saa nyingi bila chakula. Aliyeufikisha kwa watu wengi zaidi ni Profesa Mohamed Janabi, daktari bingwa wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na baadaye Hospitali ya Taifa Muhimbili, kabla ya kuchaguliwa mwaka 2025 kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani, Kanda ya Afrika. Wapo walioufuata kwa bidii, na wapo waliouliza mtu ambaye mlo wake karibu wote ni ugali apunguze nini ili abaki na nguvu ya kulima. Naona pande zote mbili zina hoja nzito, na kwamba hazipingani sana kama inavyodhaniwa, kwa sababu kila upande unausemea mwili wa aina yake.

Wanaotaka tupunguze wanaona kile ambacho madaktari wanakutana nacho kila siku. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta karibu asilimia 9 ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari, na takriban robo wana shinikizo la juu la damu. Utafiti wa afya wa mwaka 2015/16 nao ulionesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, yaani unene uliopindukia, hali iliyokuwa nzito zaidi mijini kuliko vijijini. Maelezo yake si magumu. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kilokalori zipatazo 360, na sahani ya ugali ya mtu mzima hutumia unga kuzidi hapo kwa urahisi. Aliyeshika jembe tangu alfajiri atauchoma wanga huo wote kabla ya jioni, lakini mwenzake anayetoka kwenye daladala, akakaa mezani kwa muda wa saa nane na kurudi nyumbani kuangalia televisheni, hana pa kuupeleka isipokuwa kwenye mafuta ya mwili. Tena sahani ya mjini haina ugali peke yake. Chipsi hubeba mafuta ambayo mlaji hayaoni, ilhali kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kilokalori zisizopungua 110, na soda ya kuteremshia chakula huongeza sukari isiyoshibisha. Kwa mtu huyu, kauli ya kupunguza ni sahihi na imechelewa.

Upande wa pili una takwimu zake, nazo zinaumiza. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na mikoa iliyoongoza si ile yenye ukame. Iringa ilikuwa na zaidi ya nusu ya watoto wake katika hali hiyo, huku Njombe na Rukwa zikiwa karibu na nusu, na hii ndiyo mikoa inayojaza maghala ya mahindi ya nchi. Mahindi yapo, lakini mtoto anapewa uji wa mahindi matupu, mwepesi, mara mbili au tatu kwa siku, kwa kuwa mama yuko shambani tangu asubuhi. Tumbo lake ni dogo, na uji wa maji hulijaza kabla hajapata protini, mafuta, madini ya chuma wala zinki za kumkuza. Katika utafiti huohuo, asilimia 42 ya wanawake wa umri wa kuzaa walikuwa na upungufu wa damu. Redio inayomwambia mama wa Ludewa, mkoani Njombe, ale kidogo, bila kumweleza ni nani hasa anayeambiwa, inamdhuru yeye na mtoto aliye mgongoni.

Hata hivyo mwenye kitambi wa Dar es Salaam na mtoto aliyedumaa wa Iringa wanafanana kwa jambo moja: sahani zao zote mbili zimejaa kundi moja la chakula. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilifundisha kwa muda mrefu makundi matano, yaani nafaka, mizizi na ndizi za kupika; vyakula vya jamii ya kunde na vya asili ya wanyama; mboga za majani; matunda; kisha mafuta na sukari kwa kiasi kidogo. Tunayafahamu tangu darasani, lakini utafiti ule wa mwaka 2012 ulikuta zaidi ya watu tisa kati ya kumi hawafikii kiwango cha mboga na matunda kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, ambacho ni gramu 400 kwa siku. Angalia sahani ya mama lishe popote mjini: wali umerundikwa, maharage yamemwagiwa juu kwa upawa mmoja, na mchicha umewekwa pembeni kama pambo. Ndiyo maana nashawishika kwamba kosa letu la kwanza ni la uwiano, na la kiasi linafuata nyuma yake.

Kuhusu uwiano, mchoro unaotumiwa sana na wataalamu wa lishe hugawa sahani hivi: nusu mboga na matunda, robo wanga, robo protini. Asiye na mizani anaweza kutumia mkono wake, ngumi moja ikiwa kipimo cha wanga na kiganja bila vidole kikiwa kipimo cha samaki au nyama. Ni vipimo vyema, lakini vimebuniwa kwa mtu mwenye sahani yake, ilhali kaya nyingi zetu hula kwenye sinia. Kwenye sinia hakuna nusu wala robo ya mtu. Mwenye mkono mkubwa na tonge la haraka hula zaidi, vipande vya nyama humwendea baba au mgeni, na mtoto wa miaka miwili anapomaliza kutafuna tonge la kwanza kitoweo kimekwisha. Sisemi sinia liachwe, kwani kula pamoja kuna thamani ambayo hakuna mwongozo wa lishe unaoweza kuipima. Lakini mtoto mdogo anastahili bakuli lake mwenyewe, apakuliwe maharage au dagaa kwanza, na mtu mzima akae karibu kuhakikisha anakula. Mjamzito naye awekewe fungu lake kabla sinia halijateremshwa. Ushauri usiogusa namna chakula kinavyogawanywa nyumbani utabaki kwenye mabango ya zahanati.

Kuna pingamizi la gharama, nalo ni la haki: nyama na maziwa kila siku haviwezekani kwa wengi. Hata hivyo makande, ambayo baadhi ya watu huyadharau kuwa chakula cha shule, ni mlo wenye akili sana, kwa sababu protini ya mahindi ina upungufu ambao maharage huufidia, na ile ya maharage hufidiwa na mahindi. Dagaa wakitwangwa huingia kwenye uji wa mtoto bila shida. Chungwa au pera likiliwa pamoja na maharage husaidia mwili kufyonza madini ya chuma, ilhali chai ya rangi wakati wa mlo hupunguza ufyonzaji huo. Dona lina nyuzinyuzi na vitamini zaidi kuliko sembe, ingawa hapa pana tahadhari ya kweli: sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu wa nafaka, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, hukaa zaidi kwenye pumba na kiini ambavyo kukoboa huviondoa. Dona basi ni bora pale tu mahindi yalipokaushwa vizuri na kuhifadhiwa pakavu.

Kwa anayetakiwa kupunguza, naona aanze na soda, juisi zilizotiwa sukari na vyakula vya kukaangwa, kisha aongeze maharage na mboga, na ugali utapungua wenyewe kwa kuwa nafasi yake imechukuliwa. Shibe ya nyuzinyuzi na protini hukaa muda mrefu kuliko ya wanga mtupu. Kukaa saa nyingi bila kula kunawafaa baadhi ya watu wazima, lakini mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari anaweza kuanguka ghafla akijaribu bila daktari wake kurekebisha dozi. Watoto, wajawazito na wanaonyonyesha hawapaswi kuguswa na ushauri huo hata kidogo, na kila anayeutoa hadharani analo jukumu la kuwataja kabla hajashusha kipaza sauti.