Mlimani: Kukua kwa Kuzaa au kwa Kuvimba?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika kumi na watano, ndani ya jengo la TANU katika Mtaa wa Lumumba. Shahada ilitolewa na Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kiliingizwa katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, mwaka uliofuata kikahamia kwenye kilima kilichokipa jina la Mlimani, na Julai 1970 kikawa chuo kamili cha taifa, Mwalimu Nyerere akiwa mkuu wa chuo wa kwanza. Leo hakuna anayebisha kwamba ni kikubwa. Mjadala uliobaki ni wa namna kilivyoupata ukubwa huo, na namna kinavyopaswa kuendelea nao.

Kwa muda mrefu Mlimani ilikua kwa kuzaa. Kitivo cha kilimo kilichokuwa Morogoro kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 1984. Kitivo cha tiba cha Muhimbili kikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 1991, na mwaka 2007 kikajitegemea. Ardhi, chuo cha masuala ya ardhi na ujenzi kilichoingia kama chuo kishiriki mwaka 1996, nacho kikajitegemea mwaka 2007. Wanaoutetea mtindo huu wana hoja nzito. Daktari hufundishwa wodini, na bwana shamba hufundishwa penye udongo na mifugo. Haikuwa na maana mtaala wa Morogoro usubiri kikao cha seneti kinachokaa karibu kilomita 200 kutoka shambani. Kila mtoto aliyetoka alipata bajeti yake, seneti yake na uhuru wa kujipangia vipaumbele.

Hata hivyo kuzaa kuna gharama yake. Katika miaka ambayo mwanahistoria Walter Rodney alifundisha hapo, nguvu ya chuo ilitokana na watu wa fani mbalimbali kubishana juu ya mambo yaleyale, na somo la Taaluma za Maendeleo liliwekwa kuwa la lazima ili mhandisi na mwanasheria wakutane kwenye maswali ya umaskini na ya dola. Fani zinapotawanyika, makutano hayo hupungua. Pengine ndiyo sababu mojawapo ya Mlimani kurudi kwenye fani ilizokwisha kuzitoa: sasa kina ndaki (kitengo kikubwa cha masomo ndani ya chuo) ya kilimo, na kina ndaki ya afya huko Mbeya. Wapo wanaoona huko ni kurudia kazi ya Sokoine na Muhimbili. Mimi naona Mbeya inajitetea yenyewe, kwa kuwa nyanda za juu kusini zinahitaji pa kufundishia madaktari. Kwa kilimo bado sijashawishika.

Suala la idadi, yaani la kuvimba, ni gumu zaidi. Tangu gharama zilipoanza kuchangiwa na wanafunzi, na baadaye Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi mwaka 2005, mlango umefunguka kwa maelfu ambao zamani wasingefika getini. Matokeo yake yana majina ambayo kila aliyesoma Mlimani anayajua. Kuna kubebana, yaani mwenye chumba kumlaza mwenzake aliyekosa nafasi, wawili kitanda kimoja muhula mzima. Kuna madesa, zile kurasa zilizotolewa fotokopi na kupita mkono hadi mkono, ambazo kwa wengine zimechukua nafasi ya kitabu na hata ya mhadhara. Hosteli zilizofunguliwa mwaka 2017 zilijengwa kwa wanafunzi 3,840, na maktaba ya mwaka 2018 inaweza kukalisha watu 2,100 kwa wakati mmoja. Ni nafuu ya kweli, ila nafuu ya majengo.

Wanaotamani kurudia uchache wa zamani wanasahau mlango ule ulimwacha nani nje. Azimio la Musoma la 1974 lilipotaka waombaji wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, wanawake walipungua kiasi kwamba sharti hilo likabidi liondolewe kwao. Mlango mwembamba haukuwachuja wasioweza peke yao. Kwa hiyo siwezi kuunga mkono kupunguza udahili.

Ninachokitaka ni kipimo kingine cha kukua, nacho ni semina. Mhadhara unaweza kubeba mamia wakiwa na kipaza sauti. Semina haiwezi, kwa sababu hapo ndipo mwanafunzi hulazimika kusimama, kutetea hoja yake na kusahihishwa na mtu anayemjua kwa jina. Ndaki isiyo na walimu wa kutosha kuendesha semina za watu ishirini haijawa tayari kufungua tawi jipya, hata ikipewa jengo.

Na si kila kitengo kinafaa kuzaliwa nje. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyoanza mwaka 1964 na leo ni Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), ilitumia miaka mingi kuandaa Kamusi ya Kiswahili Sanifu hadi ilipotoka mwaka 1981. Kazi ya namna hiyo haileti ada wala umati wa wanafunzi, na kama taasisi ingeachwa ijitafutie riziki peke yake, nina shaka kama kamusi hiyo ingefika mezani.