Mkate haufiki saa nne

Jamani ni 2020, na tangu shule zifungwe Machi kwa ajili ya korona, hii nyumba yangu imegeuka hoteli isiyolipwa. Mkate nanunua jioni mbio mbio kabla kafyu ya saa moja inipate nje, nauficha juu ya kabati nyuma ya sufuria, asubuhi nikiamka nakuta kimebaki kile kipande kigumu cha mwisho, tena kimefungwa vizuriii kwenye karatasi yake eti nisijue. Nikiuliza nani amekula wote wananiangalia kama mimi ndio mwizi.

Na sio chakula tu. Mwalimu anatuma homuweki kwa WhatsApp, picha za kurasa za kitabu zimepigwa gizani, moja baada ya nyingine, bando ya shilingi 50 inaisha kabla hatujafika hesabu halafu ananiuliza mbona mtoto hajatuma kazi. Atume na nini? Simu ni moja na mimi nasubiri bosi apige (hajapiga tangu mwanzo wa Aprili, na sasa ni Mei, lakini bado nasubiri).

Leo nimempata huyu wa mwisho ameketi sakafuni amemvisha mdoli barakoa yangu, ile moja ninayofua kila usiku, uji umemwagika juu yake. Namuuliza unafanya nini wewe, ananijibu, "Mama nimeboeka, nipe chai."

Chai! Saa tano asubuhi, ya tatu hiyo, na sukari nilifungua pakiti Jumatatu. Leo ni Jumatano.