George Ryan aliokoa watu 167, na jela alistahili

Tangu George Ryan afariki Mei 2025 akiwa na miaka 91 ubishi ni ule ule, huyu gavana wa zamani wa jimbo la Illinois, Marekani, tumweke kwa mashujaa au kwa mafisadi? Mi naona alikuwa vyote viwili, ila watu wanataka kimoja kifute kingine.

Jamaa alikuwa mfamasia wa Kankakee, wa chama cha Republican, na 1977 akiwa bunge la jimbo alipiga kura hukumu ya kifo irudishwe. Kwa hiyo hakuzaliwa na huruma hiyo, kilichomgeuza ni hesabu, maana tangu irudi, Illinois ilikuwa imeua watu 12 na waliohukumiwa kifo kisha wakafutiwa kesi na kuachiwa ni 13, mmoja alibakiza siku kama mbili tu na suti ya kuzikiwa ameshapimwa! Januari 2000 akasimamisha kuua, na Januari 11, 2003, siku mbili kabla hajatoka madarakani, akawaondolea kifo wote 167 waliokuwa wanasubiri kuuawa, karibu wote wakabaki na kifungo cha maisha. Familia za waliouawa zililia sana na nazielewa, maana humo kulikuwa na watu ambao hatia yao haina ubishi.

Sasa kabla ya ugavana alisimamia ofisi inayotoa leseni za udereva, na wafanyakazi wake walikuwa wanauza leseni za malori kwa hongo, hela nyingine inaingia kwenye kampeni zake. Novemba 1994 karibu na Milwaukee kipande cha chuma cha taa kilikuwa kinaning'inia nyuma ya lori, madereva wengine wanamwambia dereva wa lori hilo kwenye redio, yeye Kiingereza haelewi, kikadondoka, gari la familia likakikanyaga, tangi likapasuka na moto ukaua watoto sita wa mama mmoja. Leseni ya yule dereva ilikuwa ya hongo.

Wapo wanaosema alisamehe ili ajisafishe kwa kuwa uchunguzi ulishaanza tangu 1998. Inawezekana kabisa, lakini zile kesi 13 hakuzitunga yeye, mfumo ulikuwa mbovu hata kama nia yake haikuwa safi, na 2011 Illinois ikafuta hukumu ya kifo moja kwa moja.

Wakati huo yeye yuko gerezani, alifungwa miaka 6 na nusu kwa ufisadi, na mkewe alifariki mwaka huo huo. Mwisho wa 2008 seneta Dick Durbin, tena wa Democrat, alimwandikia Rais Bush ampunguzie kifungo, Bush hakufanya hivyo. Inauma kwa mzee wa umri ule, ila nikiwakumbuka wale watoto sita naona Bush alikuwa sahihi.