Tumeficha bati, ndoo ziko sebuleni

Shemeji yangu anakaa Tabata, kwenye nyumba ambayo marehemu baba yake aliipaua miaka ya tisini: kenchi za mbao, bati la mgongo mdogo, maji yanamwagika pande zote. Mwaka 2021 akaamua kuifanya ya kisasa. Alishusha bati lote, akauza mbao, akapandisha kuta kozi nne, yaani mistari minne ya matofali, juu ya lenta, kisha akalaza bati jipya kwa ndani lisionekane kutoka barabarani. Sebuleni akapiga dari ya gipsamu yenye taa za pembeni. Hela iliyotoka ingemnunulia kiwanja Chanika na chenji ikabaki. Lakini nyumba ilipendeza, siwezi kukataa. Majirani wawili walikuja kuipiga picha wakawaonyeshe mafundi wao.

Masika ya 2024, yale yaliyokuja juu ya mvua za El Niño, nilikuta ndoo mbili sebuleni na beseni la kufulia juu ya meza ya chakula. Kwenye gipsamu kulikuwa na duara la rangi ya chai, kubwa kama sinia, na kingo zake zimevimba. Tukiwa tunasalimiana kipande kikadondoka. Dada yangu hakusema neno, alifuata fagio.

Tangu siku hiyo ukoo mzima una maoni. Wako wanaosema abomoe zile kozi nne arudi kwenye bati la wazi kama alivyoacha mzee. Wengine wanasema kubomoa ni kupoteza hela mara ya pili, atafute fundi anayejua kazi aliyoharibu yule wa kwanza. Ubishi huo sasa hivi uko kwenye nyumba nyingi za Dar, na kila upande una hoja nzito kuliko upande wa pili unavyotaka kukubali.

Tuanze na wa kubomoa. Hoja yao ni hesabu ya shule ya msingi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la shemeji lina kama mita 150 za mraba. Ikinyesha milimita 50 kwa jioni moja, na masika hilo si jambo la ajabu, juu ya nyumba yanapita maji lita 7,500, yaani matenki saba na nusu ya lita elfu moja. Zamani maji hayo yalijigawa kwenye ukingo wote wa nyumba na kuanguka chini. Sasa yote yanakusanywa kwenye mfereji mmoja ulio ndani ya ukuta, yakaombe njia kwenye mabomba mawili ya inchi tatu. Jani la mwembe likikaa vibaya, au mfuko wa plastiki ukiletwa na upepo, bomba limeziba. Maji yanapanda, yanavuka mdomo wa mfereji, na upande pekee uliobaki wazi ni wa ndani.

Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Bati la wazi linasamehe. Fundi akikosea gata, maji yanamwagika uani na wewe unaendelea kulala. Paa la kuficha halina huruma hiyo, kosa dogo linashukia kwenye kochi.

Na pwani hii ilishawahi kupitia majuto kama haya. Mji Mkongwe, Zanzibar, nyumba nyingi za mawe za Waarabu zilijengwa na paa bapa za chokaa, kwa mtindo unaofaa nchi kavu. Muscat inapata mvua ya kama milimita 100 tu kwa mwaka. Unguja inapata zaidi ya mara kumi ya hizo. Paa zikavuja, na wenyewe wakaanza kuzifunika kwa mabati ya mteremko. Ukitazama mji ule kutoka juu leo, ule wekundu wa kutu unaouona karibu wote ni marekebisho.

Kuna hasara nyingine ambayo watu huigundua wakishahamia. Bati la wazi lilikuwa na upenu wa kivuli kuzunguka nyumba. Ukiuondoa, mvua ya upepo inapiga ukuta moja kwa moja, rangi inabanduka mwaka wa pili, na jua la saa tisa linaingia dirishani bila hodi. Ndiyo maana nyumba nyingi za aina hii, baada ya muda, utaona zimeongezewa vibanda vidogo vya bati juu ya madirisha. Kwa maneno mengine, paa la zamani limeanza kurudi vipande vipande.

Wanaotetea nao wasikilizwe. Maghorofa mengi ya Posta na Kariakoo yana paa za kujificha na watu wanafanya kazi chini yake wakiwa wakavu. Ukuta wa juu unapunguza upepo kuingia chini ya bati na kuling'oa. Bati la mteremko mmoja linakula mbao chache kuliko kenchi. Na viwanja vyetu vimekuwa vidogo kiasi kwamba ukining'iniza bati upande wa jirani, mvua ya kwanza tu mnapelekana serikali ya mtaa. Halafu kuna wapangaji: nyumba ya sura hii inapata mtu haraka. Hoja hii watu huicheka kana kwamba ni ya ushamba, mimi siicheki. Anayejenga ili apangishe ana haki ya kuangalia macho ya mpangaji.

Zaidi ya hayo, wanauliza swali ambalo wabomoaji hulikwepa: je, mnajua maji yanaingilia wapi? Shemeji alikuwa hajui. Kwa miaka mitatu alikuwa akimwita fundi baada ya kila mvua, fundi anapanda, anapaka lami au silikoni mahali panapotazamana na doa la gipsamu, anashuka na hela yake. Lakini maji hayadondoki pale yanapoingilia. Yanatambaa juu ya papi, zile mbao nyembamba zinazoshika bati, mita mbili, tatu, ndipo yanaachia.

Jumamosi moja ya Julai, kiangazi, tukafanya jaribio. Mimi juu na mpira wa maji, yeye ndani ya dari na tochi. Unamwagilia sehemu moja tu, dakika ishirini, unasubiri, ndipo unahamia nyingine. Kazi ya kuchosha, na bati la mchana lilinichoma magoti. Katikati ya bati: kavu. Kwenye misumari: kavu. Tulipofika pale bati linapokutana na ukuta wa magharibi, akaanza kupiga kelele kabla dakika tano hazijaisha. Fundi alikuwa amechomeka bati ukutani na kuziba kwa saruji. Bati linatanuka kila jua likiwaka na kusinyaa kila usiku. Saruji haitanuki hivyo, inapasuka. Pale palihitaji kipande cha bati kinachoshuka kutoka ukutani na kulifunika lile la chini bila kulibana. Kwenye bomba moja la mfereji tukatoa bonge la plasta na kifuniko cha chupa. Lilikuwa limezibwa tangu siku ya ujenzi, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa inaishi kwa bomba moja.

Kwa ushahidi huo watetezi wanaonekana wameshinda: tatizo ni ufundi, si mtindo. Nami nilitaka kukubali, ila kuna kitu kinanizuia. Mtindo unaohitaji fundi asikosee, na mwenye nyumba apande juu kufagia mfereji kabla ya kila vuli na kila masika, unawafaa watu wachache sana ninaowafahamu. Sisi tunajenga kwa fundi wa kuelekezana kwa mdomo, mchoro haupo, na hela inakuja kwa mafungu. Ghorofa la Posta lina mtu analipwa kufagia paa.

Kwa hiyo mimi siko na wabomoaji wala watetezi, ingawa kama paa lako lina miteremko miwili inayomwaga maji kwenye bonde katikati ya nyumba, mimi ningebomoa bila kuuliza. Vivyo hivyo kama umelaza bati la mgongo mdogo karibu bapa kabisa, lenye viungo. Hapo unaweza kupaka silikoni mpaka ustaafu. Lakini kwa paa la mteremko mmoja unaoelekea nyuma, kama la shemeji, iko njia ya kati: bomoa ukuta wa juu wa nyuma peke yake. Ondoa mfereji wa ndani, weka bati refu lisilo na kiungo litokeze nje ya ukuta, funga gata la kawaida huko uani. Kwa mbele nyumba inabaki na sura yake ya kisasa. Gata likiziba, maji yanaanguka kwenye kamba za nguo. Haiwezekani kama ukuta wako wa nyuma umekaa kwenye mpaka, na hapo unachobakiwa nacho ni kuongeza mabomba na kutoboa ukuta matundu ya dharura, chini kidogo ya usawa wa bati, ili maji yakizidi yatokee nje.

Septemba ndivyo alivyofanya. Fundi mwingine, siku nane, na kozi nne za nyuma zikashuka. Kuta za pembeni zikapata vile vipande vya bati vya kufunika maungio. Vuli imepita, hakuna tone.

Gipsamu bado hajairudisha. Dada yangu amesema masika yapite kwanza, yote, mpaka Juni, ndipo ataruhusu fundi dari kuingia ndani mwake. Ukienda kula kwao sasa hivi, ukiinua macho unaziona papi na nyaya za taa zikining'inia.