Kipandikizi cha tezi dume: nafuu ni ya hospitali au ya mzee wa Tandahimba?

Fedha za mnada wa korosho zikishaingia benki, familia nyingi za Newala, Tandahimba na Masasi hukaa kikao juu ya mzee anayesumbuliwa na tezi dume. Zamani swali lilikuwa moja tu: hela ya upasuaji itatosha? Sasa vijana wanakuja na jingine. "Baba, kuna njia mpya. Unaingia asubuhi, jioni umerudi nyumbani, hupasuliwi."

Njia hiyo ipo kweli. Daktari anapitisha kamera kwenye njia ya mkojo, kisha anafyatua vipandikizi vidogo vinavyovuta nyama ya tezi pembeni ili mkojo upite, kama pazia linavyofungwa kando ya dirisha. Hakuna kinachokatwa. Kinachojulikana zaidi ni UroLift, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2013. Utafiti mkubwa ulioanza na wanaume 206 ulionyesha kwamba baada ya miaka 5 wengi bado walikuwa na nafuu na nguvu zao za kiume hazikuguswa. Ila asilimia 13.6 ya waliowekewa walilazimika kutibiwa tena, na hiyo ni gharama ambayo haitajwi kwenye bei ya kwanza.

Anayelipia ni nani? Kwa mzee wa Marekani mwenye bima ya serikali ya Medicare, kwanza anatoa kiwango cha mwaka kutoka mfukoni, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 257. Baada ya hapo bima inabeba asilimia 80 ya bei iliyoidhinishwa na yeye asilimia 20. Kituo nacho hulipwa kwa madaraja: kipandikizi 1 hadi 3 bei yake, 4 na kuendelea bei nyingine. Bei inafuata idadi ya vipandikizi, na kila kimoja hutumika mara moja tu.

Uingereza, NICE, taasisi inayoshauri huduma ya afya ya serikali ni matibabu gani yatumike, iliipendekeza njia hii mwaka 2015, na hoja yake ya fedha ni nyepesi kueleweka: mgonjwa halali wodini, kwa hiyo hospitali inaokoa gharama ya kitanda na ya wahudumu. Hesabu hiyo ni sahihi kwao. Ukiileta Mtwara inageuka. Kitanda chetu ni cha bei ya chini na mishahara inalipwa kwa shilingi, ila kipandikizi kinanunuliwa kwa fedha za kigeni. Hospitali itaokoa kidogo na kulipa kingi.

Hata hivyo siwezi kukubaliana na wanaosema basi hii ni anasa ya matajiri wa Dar. Wanahesabu upande wa hospitali peke yake. Mzee akilazwa hapa kwetu halali peke yake. Mama anakuja kumuuguza, mtoto mmoja anaacha shamba, chakula kinapikwa na kupelekwa wodini asubuhi na jioni, bodaboda inalipwa kila safari. Kwa familia hiyo kurudi siku hiyohiyo ni hela halisi, na mara nyingine inazidi bili ya kitanda yenyewe.

Tatizo ni kwamba nafuu hiyo inapatikana tu kama huduma ikitolewa hapa kusini. Ikibidi kwenda Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 500 kwa basi, na mtu aliyetoka kuchokozwa njia ya mkojo, anayesikia kuungua na kuona damu kidogo, hawezi kupandishwa basi jioni ileile. Atalala gesti au kwa ndugu mpaka atulie. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ilikatika eneo la Somanga na abiria wakakwama. "Jioni uko nyumbani" haikuandikwa kwa ajili ya mtu wa Kitangari, kule Newala.

Lipo na suala la nani anafaa. Mwongozo wa Uingereza unataja tezi yenye ujazo wa mililita 30 hadi 80. Wazee wetu wengi wanafika wamechelewa, baada ya mitishamba na dawa za duka, mkojo umeshaziba. Utamkuta mzee amekaa barazani, mfuko wa mkojo umefungwa pajani chini ya msuli, mpira unatakiwa kubadilishwa kila baada ya wiki kadhaa, na msikitini hakanyagi tena kwa aibu ya harufu. Huyo tezi yake mara nyingi imeshapita kiwango hicho. Anahitaji kukwanguliwa kwa kamera, yaani nyama iliyozidi inaondolewa kidogo kidogo kupitia njia ya mkojo, au kupasuliwa tumbo kabisa.

Na bima? Kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, iliyokuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, iliwekwa ikomee hospitali ya mkoa. Msamaha wa wazee wasio na uwezo upo kwenye sera, ila haulipi nauli. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na ningependa ukwanguaji wa tezi dume uwe haki ya kila mwenye kadi kabla ya kuzungumzia vipandikizi.

Ndiyo maana, kama fedha ni moja, naipeleka kwenye vifaa vya kukwangulia na madaktari bingwa wa mkojo, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo na kwenye hospitali za misheni kama Ndanda na Nyangao. Kamera ile ile inasafishwa na kutumika kwa mamia ya wagonjwa. Ukwanguaji nao una hasara zake: damu, mpira wa siku chache, na wanaume wengi baadaye manii hurudi kwenye kibofu badala ya kutoka nje. Hilo la mwisho mgonjwa aambiwe wazi kabla hajasaini fomu, wala si akaligundue chumbani kwake.

Kwa anayelipa mfukoni kwenye hospitali binafsi, asikubali bei ya kipandikizi kimoja. Aombe kwa maandishi bei ya jumla: vipandikizi hadi vingapi, ganzi au nusu kaputi, vipimo, marudio, na nani atalipa mkojo ukiziba tena mwezi unaofuata.

Mwanamume wa miaka 52 ambaye bado anatafuta mtoto, tezi yake ndogo, na ana ndugu wa kufikia Dar, huyo namwelewa kabisa akiuza tani yake ya korosho kwa ajili ya vipandikizi.