Bia ya dhahabu ikitoka nyeusi, anza na tarehe ya kopo

Mtu akipika bia nyumbani akitegemea rangi ya dhahabu, kisha akapata rangi ya chai kavu, hukimbilia kusema sukari imeungua motoni. Mara nyingi sivyo. Woti, yale maji matamu ya kimea, huchemka kwenye nyuzi 100 na ushei, na joto hilo halitoshi kuunguza sukari. Kinacholeta rangi ni sukari kuungana na asidi amino (vijenzi vya protini) za kimea, mmenyuko wa Maillard, uleule unaoupa mkate ganda la kahawia. Nao hausubiri sufuria: huendelea polepole hata ndani ya kopo lililofungwa.

Kwa hiyo, kwa anayetumia shira ya kimea, yaani woti iliyopunguzwa maji mpaka ikawa nzito na kuuzwa kwenye kopo, mshukiwa wangu wa kwanza ni kopo lenyewe. Shira iliyokaa mwaka mzima kwenye rafu yenye joto hutoka nyeusi kuliko lebo inavyodai, na hakuna ufundi wa kuirudisha. Ipime kabla ya kuwasha jiko: koroga gramu 100 kwenye maji vuguvugu hadi ujazo ufike lita 1, mimina kwenye glasi, simamisha karatasi nyeupe nyuma yake. Ikionekana kahawia hapo, tatizo umelinunua dukani. Kimea cha unga, yaani woti iliyokaushwa kabisa, hakiharibiki upesi hivyo kwa sababu kina maji machache, na kwa bia nyepesi ndicho ningekishauri siku zote.

Kisha kuna uchemshaji. Wengi huyeyusha kilo 3 za shira kwenye lita 10, huchemsha saa nzima, halafu huongeza maji hadi lita 20. Woti ikiwa nzito, rangi hukolea haraka. Tia robo ya shira mwanzoni pamoja na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Iliyobaki iingie dakika 10 kabla ya kuzima. Na unapoitia, epua sufuria kwanza, koroga mpaka mwiko usihisi kitu kinachoteleza chini. Shira ikituama kwenye kitako huungua kweli, na hapo tu ndipo moto unastahili lawama. Ukishamimina woti, pitisha kidole chini: utando mweusi unaonata ndio ushahidi.

Anayeloweka nafaka mwenyewe badala ya kutumia shira atazame maji. Bikaboneti nyingi (chumvichumvi inayopunguza uchachu wa maji), kama ilivyo London au kwenye visima vya pwani yetu vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe, hupandisha pH, kipimo cha uchachu ambacho hupanda uchachu ukipungua; ikipita 5.6 rangi hukolea na maganda hutoa ukakasi. Lenga 5.2 hadi 5.4, ukipima sampuli iliyopoa. Mililita 1 ya asidi ya laktiki ya asilimia 88 katika lita 20 za maji hupunguza bikaboneti kwa takriban miligramu 35 kwa lita. Na unaposuuza nafaka, koma pale haidromita, kipimo cha wingi wa sukari kwenye woti, inaposhuka hadi 1.010. Bia ya dhahabu ya Plzeň, mji wa Ucheki, ilizaliwa mwaka 1842 kwenye maji laini mno, na maji hayo yana sehemu kubwa katika rangi yake.

Usihukumu rangi ndani ya ndoo ya kuchachushia. Mwanga unaopita sentimita 30 za bia hutoka mweusi kuliko unaopita 7 za glasi. Tena hamira ikianza kutuama, sehemu ya juu hukolea na mpaka wake hushuka siku hadi siku. Wanaoanza huogopa bure, bia inajisafisha tu.

Lakini kama ilikuwa dhahabu siku ya kufunga chupa, na wiki 3 baadaye imekuwa kahawia yenye kijivu, jikoni hamna kosa. Hewa imeingia, na bia zenye hopsi nyingi ndizo huathirika upesi zaidi. Mpira wa kujazia uguse kitako cha chupa, bia ipande bila kurukaruka, nafasi ya juu isizidi sentimita 2 au 3, kizibo kifuate papo hapo. Gesi ikishakamilika, hamishia chupa zote kwenye friji.